Harufu ya Mfungaji

Mama yangu hasikii. Si kwamba hasikii kabisa. Ukimwekea mdomo kwenye sikio la kushoto, ukasema polepole na kwa sauti ya chini, anapata kila neno. Ukipiga kelele hapati kitu, anaona tu uso wako umekunjamana, naye anakasirika. Kwa hiyo nyumbani kwetu neno la mama hupelekwa kama sahani ya chakula: unainuka, unakwenda alipo, unainama, unampa. Huwezi kumwambia jambo ukiwa mbali. Nimeanza na hilo kwa sababu yote niliyoyafanya katika ule mwezi wa Ramadhani yalihusu nafasi ndogo tu, ile iliyopo kati ya mdomo wangu na sikio lake.

Niliacha shule kidato cha kwanza. Hakunifukuza mtu. Lori lilisimama karibu na shule, likipakia mbao, nikataka kujua linakokwenda. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitaka kujua vitu vinakokwenda. Nimebeba chumvi Lindi, nimepasua mbao Liwale, nimechekecha mchanga wa machimbo Ruangwa, nimekuwa saidia fundi Nachingwea. Kila mahali nimejifunza kitu na kila mahali nimeondoka kabla sijakimaliza.

Baba alifariki tukiwa bado na nyumba Mtua. Nilifika siku ya nne, tanga limeshaanuliwa, majirani wamesharudisha masufuria ya kuazima. Nilisema simu ilikuwa imezimika, kule msituni hakuna umeme wa kuchaji. Mama akanigeuzia sikio la kulia, lisilosikia. Dada yangu alinitazama.

Simu haikuwa imezimika. Siku mbili kabla baba hajafa niliona ujumbe wa dada: baba amezidiwa, njoo. Nilikuwa Liwale. Siku ile walikuwa wakifunga mashine mpya ya kupasulia magogo, ya aina ambayo sijawahi kuiona, na nilitaka kuona itakavyowashwa. Nikaiweka simu mfukoni. Nikajiambia nitaondoka kesho.

Baada ya hapo mama alihamia kwa dada, Mbwemkuru, upande wa Ruangwa. Miaka miwili hakutaka hata kuletewa salamu zangu. Kisha, wiki mbili kabla ya Ramadhani, dada akanipigia.

"Mama anasema uje ufunge naye mwezi mzima, chini ya paa hili. Ukimaliza, atakusamehe la baba."

"Basi?"

"Unasema basi? Wewe hujawahi kumaliza mwezi mahali pamoja tangu uote ndevu."

Nikaenda. Na kwa siku ishirini na mbili nilifunga kweli, naomba niaminiwe kwa hilo, ingawa najua nimeshasema uongo mmoja kabla ya kufika ukurasa wa pili. Ulikuwa wakati wa palizi ya ufuta, mvua zinakuja na kukatika. Asubuhi tulipalilia, mchana tulilala, jioni nilikaa na mama barazani. Alinipa kazi moja. Kwa kuwa haisikii adhana, alitaka nimguse goti muadhini akianza, ndipo atie tende mdomoni. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya baba. Nilikuwa nikikaa na mkono tayari juu ya paja langu robo saa nzima, nikiogopa kuchelewa.

Siku ya ishirini nilikwenda Nachingwea kurudisha ufunguo wa chumba nilichokuwa nimepanga kwa mwalimu mmoja, mtu wa Kagera, na kuchukua blanketi na mwiko wangu wa ujenzi. Nilikuwa na gego bovu upande wa chini kulia, limetoboka tangu Liwale. Tulishazoeana, mimi na hilo gego. Lakini asubuhi ile, ndani ya gari, lilianza kugonga kama mtu aliyefungiwa nje. Nilipofika kwa mwalimu shavu lilikuwa limevimba.

"Hilo ni jino au umeficha fenesi?" akauliza. "Weka ufunguo hapo. Nenda hospitali sasa hivi."

Tabibu wa meno alikuwa dada mmoja mwembamba mwenye viganja vya mtu wa kufinyanga vyungu. Akanitazama mdomoni, akanusa bila kuficha kwamba ananusa.

"Hili linatoka. Umefunga?"

"Ndiyo."

"Leo umefungua. Mgonjwa ana ruhusa, hata shehe wako atakwambia."

Nikaitikia kwa kichwa. Akanichoma sindano, tukasubiri ufizi ufe ganzi, nami nikaanza kuuliza. Koleo hilo linaitwaje? Gego lina mizizi mingapi? Ganzi inaingia kwenye mfupa au inaishia kwenye nyama?

"Kaka," akasema, "nimeng'oa watu wanaolia, nimeng'oa watu wanaoniita mama. Wewe ndiye wa kwanza kunifanyia usaili. Fungua."

Jino lilitoka kwa sauti ya kijiti kibichi kinachovunjika. Lilikuwa na mizizi miwili, mmoja umepinda kama kidole cha mzee. Nikaomba nipewe. Akalifunga kwenye pamba, akanipa na vidonge, akanieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Uma hii pamba nusu saa. Leo usisukutue, na usiteme mate ovyo, meza. Damu itaganda kwenye shimo. Hiyo damu ndiyo kifuniko. Chini yake ndipo kidonda kinapona. Ukikitoa kifuniko utarudi hapa unalia, na mdomo utanuka mpaka ujikimbie. Umenielewa?"

Nilimwelewa vizuri. Hata nikamwomba arudie habari ya kifuniko, kwa sababu ilinipendeza.

Halafu nikapanda gari la kurudi Ruangwa, na kabla hatujatoka mjini mdomo ulijaa mate yenye damu. Kumeza damu ni kufungua. Nilikuwa na siku ishirini mkononi, zimebaki tisa au kumi. Nikafikiri: nitafikaje kwa mama nikamwambia leo sikufunga kwa sababu niling'olewa jino? Ilikuwa kweli. Lakini ilifanana mno na simu kuzimika. Sababu zote nilikwisha kuzitumia zamani zikiwa za uongo, sasa nilipopata moja ya kweli sikuwa na mahali pa kuitia.

Basi nikatema. Nilitema dirishani kutoka Nachingwea mpaka Ruangwa.

"Kaka, unapanda mbegu?" akauliza mama mmoja nyuma yangu, akivuta khanga kujikinga na upepo.

Nyumbani nikatawadha kwa alasiri, nikasukutua mara tatu, kwa nguvu, kama nilivyofundishwa utotoni. Mara ya tatu kikatoka kitu kiganjani, laini, cheusi, kama kipande cha ini la kuku. Nikakigeuza kwa kidole, nikakitazama. Nilijua kabisa ni nini. Nikakimwagia maji, kikaenda na mchanga.

Siku mbili hakukuwa na neno. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, tukiwa shambani, maumivu yalipanda kutoka kwenye shimo mpaka ndani ya sikio, yakakaa huko. Kidonge cha daku kilikuwa kimeshaisha nguvu. Nikamwambia dada naenda haja. Nyuma ya kichaka nikameza kidonge kwa maji ya kwenye kopo la kunawia.

Kwetu mtu anayekula mchana kwa siri mwezi wa Ramadhani huitwa kobe. Watoto humwimbia. Nilikuwa nimewahi kuwaimbia wengine. Siku ile nilikaa nyuma ya kichaka nikisubiri nijisikie vibaya, lakini kilichokuja kwanza ni nafuu ya jino, kisha njaa. Nikajiambia siku hii imeshaharibika hata hivyo. Kulikuwa na matango kati ya mistari ya ufuta, ya maji maji, laini. Nikala moja, upande wa kushoto.

Kesho yake sikujiambia chochote. Nilikula mawili.

Jioni nilikaa na mama kama kawaida. Nilipomgusa goti akala tende, akanipa ya pili kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu, alisema, mwanangu amefunga na kidonda. Nilikuwa nimemwambia nimeng'oa jino, hilo nilimwambia. Nikainama kumwambia asante, naye akapumua kwa pua, akamtabasamia dada.

"Anaanza kunuka," akasema kwa sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia. "Hii ndiyo harufu ya mfungaji. Kwa Mungu hii ni miski."

Watu husema hivyo, kwamba harufu ya mdomo wa aliyefunga ni nzuri kwa Mungu. Na kweli mwezi ule sote tulinuka. Kuanzia alasiri kila mtu alisemea pembeni. Mimi nilinuka zaidi. Harufu yangu haikuwa ya tumbo tupu, ilitoka kwenye shimo lisilo na kifuniko. Nilikuwa nikilamba mgongo wa mkono, nangoja ukauke, nanusa. Nilichukia mkono wangu. Baada ya futari nilitafuna karafuu, nilisukutua kwa majani ya mpera yaliyochemshwa, nilitafuna bigijii mpaka taya likachoka. Kwa saa moja nilinuka karafuu juu ya uozo. Kisha karafuu ikaondoka.

Lakini kilichoniumiza ni mama. Kila mgeni aliyekuja alimwambia. "Huyu ndiye mwanangu wa kuzurura. Amefunga na jino limeng'olewa. Msogelee umnuse." Na wageni, kwa adabu, walisogea, wakanusa, wakasema mashaallah. Mtu mmoja alinishika bega akaniambia nimwombee dua. Nilimwombea. Sikujua pa kutazama.

Nilianza kumkwepa. Niliacha kumwinamia. Jioni nilimgusa goti nikiwa nimenyoosha mkono wote, mwili uko mbali, kama mtu anayewasha moto wa petroli. Aliniuliza mara mbili, "Mbona huongei nami siku hizi?" Nilijibu kwa kutikisa kichwa.

Mwezi ukaandama, ikawa Idi. Asubuhi watu walipiga mswaki mpaka ufizi ukawaka, wakavaa, wakaswali. Mchana baraza la dada lilijaa sahani za pilau. Midomo yote ilikuwa inanuka bizari na soda. Yote isipokuwa mmoja.

Kuna jirani yetu, mjane, Myao, mtani wetu. Mtani kwetu ana ruhusa ya kukwambia lolote, hata msibani, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Alikuja na bakuli lake, akakaa karibu nami kwenye mkeka, akanipa mkono wa Idi. Nikamjibu. Akarudisha kichwa nyuma.

"Jamani! Mwezi umeandama, Waislamu wote wamefungua, huyu bado amefunga? Mtani, nani amekusahau huko ndani ya Ramadhani?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nimefunika mdomo. Ningeishia hapo. Lakini yeye alisogeza pua tena, taratibu, kama mtu anayechagua samaki.

"Hapana," akasema. "Hii si funga. Funga hunuka jungu lililokaa tupu. Hiki ni kitu kimekula kikaoza. Hivi ndivyo anavyonuka kobe akifia ndani ya gamba lake."

Baraza zima likaangua kicheko. Alikuwa anatania tu. Mtani hutupa jiwe gizani. Dada yangu hakucheka. Alisimama na upawa mkononi, akinitazama kama alivyonitazama siku ya nne, Mtua.

"Anasema nini?" mama akauliza. Alikuwa ameona meno ya watu. "Mbona mnacheka? Anasema nini?"

Na mtani, kwa kuwa si vizuri kumnyima mkubwa wa nyumba utani mzuri, akaweka bakuli chini, akaanza kuinuka ili ampelekee mama sikioni.

Sijui niliinukaje. Nilifika kwanza. Nilipiga magoti upande wa kushoto wa mama, nikaweka mdomo wangu pale ambapo kwa siku kadhaa sikuuweka.

"Mama. Sikumaliza."

Kichwa chake kilirudi nyuma, upana wa kiganja. Haikuwa kwa maneno. Ilikuwa ile harufu. Nilikiona kichwa cha mama yangu kikinikimbia, na nadhani nikisahau mambo mengine yote ya maisha yangu, hilo litabaki. Kisha akakirudisha. Akaliweka sikio palepale lilipokuwa, akafumba macho, akangoja.

Nikamwambia. Vidonge, maji ya kopo, matango. Kicheko nyuma yangu kilikuwa kimekwisha. Mtani alikuwa amekaa, anaokota punje za wali zilizoanguka mkekani.

"Siku ngapi?" mama akauliza, kwa sauti yake ile kubwa, ya kusikika mpaka barabarani.

"Saba."

"Mgonjwa hafungi. Kwa nini hukuniambia kidonda kimekuzidi?"

"Niliona hutaniamini."

Akafikiri.

"Nisingekuamini," akasema. "Ungeniambia hata hivyo."

Kesho yake nilikwenda Nachingwea. Tabibu alinikumbuka kabla sijafungua mdomo, na nilipoufungua akavuta barakoa juu. Hakunigombeza. Akasukutua shimo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mara nyingi, maji ya chumvi ya uvuguvugu, nami nikiona vitu vikitoka kwenye bakuli ambavyo sikutaka kuvijua, mimi ninayetaka kujua kila kitu. Kisha akaingiza koleo dogo, akatoa kitu kimoja, akakiinua kwenye mwanga.

"Mbegu," akasema. "Ya tango. Si ulisema umefunga?"

Hakungoja jibu. Akachovya uzi wa pamba kwenye dawa yenye harufu ya karafuu, akaujaza shimoni, na maumivu yakazimika kama taa. Nilitokwa na machozi. Akadhani nimeumia, akaniambia pole.

"Nikuulize kitu?" nikasema.

"Nilijua tu."

"Kwa nini mtu hajinusi mwenyewe?"

"Unajinusa," akasema. "Unazoea tu. Rudi keshokutwa nibadilishe dawa."

Nilirudi keshokutwa, na mara nyingine tena. Harufu ilikuwa imeondoka kabla ya wiki kwisha. Shimo lilianza kujaa nyama ya waridi kutoka chini, nami nililitazama kila asubuhi kwenye kipande cha kioo. Hakuna aliyeniambia nikae. Siku ambayo tabibu alisema sihitaji kurudi tena, nikiwa stendi ya Nachingwea, gari la Liwale lilikuwa limewasha injini, na utingo, tuliyefahamiana naye zamani, aliniita kwa jina langu la kazini. Nilisimama kama dakika mbili. Kisha nikapanda la Ruangwa.

Siku saba nilizilipa Mbwemkuru, peke yangu, watu wote wakila. Hiyo ni funga nyingine kabisa. Hakuna daku ya pamoja, hakuna anayekusifu. Dada alipika mchana, nikanusa. Mtani alipita na muhogo wa kuchoma akinitafunia usoni. "Mtani, tango je? Hujachelewa." Nilimwambia alaaniwe, akafurahi sana.

Mama hakuniuliza hata siku moja kama nimefunga. Lakini kila alasiri alinyanyuka kwenye kiti chake, akaja mpaka nilipo, akainama, akaweka pua yake karibu na mdomo wangu. Sikufunga mdomo. Nilimpumulia. Alinusa kama anavyonusa unga kujua kama una mvundo, kisha akarudi kukaa. Siku sita alifanya hivyo bila neno. Siku ya saba akasema, "Haya. Hii ndiyo."

Hakurudi kwenye kiti. Akakaa palepale, kwenye mkeka, akageuza shavu, akanipa sikio la kushoto.

"Sasa sema la baba yako."

Jua lilikuwa limeshuka kwenye mikorosho ya jirani. Nilikuwa na njaa, na mdomo wangu ulinuka njaa tu. Nikaweka mdomo sikioni kwake, na safari hii kichwa hakikwenda popote. Nikamwambia simu ilikuwa inawaka. Nikamwambia kuhusu ujumbe. Nikamwambia kuhusu mashine, hata rangi yake, kijani, na kwamba siku ile haikuwashwa, kuna kifaa kilikosekana, kwa hiyo sikuona kitu.

Mkono wake ulikuwa ukichuna nyuzi za mkeka.

"Alikuwa akikuulizia," akasema. "Tulimwambia uko njiani. Tulimwambia tangu asubuhi mpaka alipokata roho. Yuko njiani, yuko njiani. Na mimi nilikuwa nimefunga siku ile, nalipa zangu. Nikasema uongo na funga yangu."

Alipangusa uso kwa ncha ya khanga.

"Yamekwisha," akasema. "Radhi unayo. Ukitaka kuondoka, ondoka, sikushiki, najua ulivyo. Lakini usiniambie tena simu imezimika."

Muadhini akakohoa kwenye kipaza sauti, kama anavyofanya siku zote kabla ya kuanza. Mama hakumsikia. Alikuwa ameshika tende mbili za kunifuturisha, akinitazama, anangoja. Adhana ilipoanza, nikanyoosha mkono, nikamgusa goti.